Sura ya Tano: Nipakue Nini Kwanza?

Kijana aliyejifunza misingi ya uandishi wa programu, akaandika mazoezi machache yakakubali, hufika mahali akauliza: "Sasa nataka kutengeneza programu ya kweli, ifanye kazi kwenye simu na kwenye kompyuta. Nipakue nini?" Akiwauliza watu watano atapata majina matano. Mmoja atamwambia Android Studio, wa pili Visual Studio Code, wa tatu Flutter. Wa nne atamshauri anunue Mac kwanza. Wa tano, mara nyingi mtu aliyeanza kazi zama za Windows 98, atamwambia Delphi bado ipo na bado inafanya kazi. Wote watano wanasema kweli, ila hawajibu swali moja.

Ili tusielee hewani, tushike kazi moja na kwenda nayo sura nzima. Chukua kikundi cha kuweka na kukopa, vikoba kwa Tanzania au chama kwa ndugu zetu wa Kenya, chenye wanachama 25. Mweka hazina ana simu ya Android ya bei nafuu, na ndimo anamotaka kuandika nani kaleta hisa na nani anadaiwa. Katibu ana kompyuta ya Windows na anataka kuchapa taarifa ya mwezi kwenye karatasi. Wanachama wawili wana iPhone. Kikundi kimekuomba ukitengenezee programu ya kuchukua nafasi ya daftari.

Majina matano, vitu vitatu

Yale majina tuliyoyasikia yanataja vitu vya aina tofauti, na anayeanza huvichanganya kwa sababu hakuna aliyemtenganishia.

Kwanza kuna kihariri, yaani mahali unapoandikia msimbo. Msimbo ni yale maagizo unayoipa kompyuta kwa lugha ya uandishi wa programu. Kihariri kizuri hukupakia rangi maneno ya lugha hiyo, hukukamilishia jina uliloanza kuliandika na hukuonyesha kosa kabla hujaendesha kitu. Visual Studio Code na Notepad++ ni vihariri.

Pili kuna lugha pamoja na kiunzi chake. Kiunzi ni mkusanyo wa sehemu zilizokwisha kutengenezwa na wengine: vitufe, orodha, visanduku vya kuandikia, njia ya kutoka skrini moja kwenda nyingine. Wewe unazipanga na kuzijaza mambo yako. Flutter ni kiunzi, na lugha yake ni Dart.

Tatu kuna zana za kujengea. Humo ndimo iliko kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo wako kuwa kitu ambacho simu au kompyuta inaweza kukiendesha, pamoja na vifaa vinavyotolewa na mwenye mfumo endeshi ili faili lako lisakinishwe kwenye Android, Windows au iPhone. Mkusanyo huo huitwa SDK.

Vitu hivyo vitatu vikikusanywa ndani ya dirisha moja, vikaongezewa dibaga, ambayo ni zana ya kuisimamisha programu katikati ya mwendo ili uone hitilafu iko wapi, unapata mazingira kamili ya kutengenezea programu. Watu wa fani huyaita IDE. Android Studio ni IDE, na Delphi vilevile. Xcode ya Apple ni IDE. Visual Studio ya Microsoft ni IDE pia, wala si Visual Studio Code. Majina yanafanana na kampuni ni moja, lakini Visual Studio ni mtambo wa Windows uliotoka mwaka 1997 na hujaza GB nyingi za diski, na Visual Studio Code ni kihariri chepesi kilichotangazwa mwaka 2015, kinachokubali Windows, macOS na Linux.

Wazo la kuweka kila kitu mahali pamoja lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu mwenye kompyuta ndogo aliandika msimbo katika programu moja, akaifunga, akafungua kompaila, akasubiri, akaambiwa ana kosa, akarudi mwanzo. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal kwa dola 49.95. Ndani yake mlikuwa na kihariri na kompaila pamoja, na kosa likipatikana ulirudishwa papo hapo kwenye mstari wenye kosa. Kompaila hiyo iliandikwa na Mdenmark, Anders Hejlsberg. Yeye huyo ndiye aliyekuwa msanifu mkuu wa Delphi ya mwaka 1995, kisha akahamia Microsoft na kuongoza uundaji wa lugha ya C#, na baadaye TypeScript iliyotoka mwaka 2012, lugha ambayo sehemu kubwa ya Visual Studio Code imeandikwa kwayo. Kwa hiyo mzee wa Delphi na kijana wa Visual Studio Code wanabishana wakiwa wamekaa ndani ya kazi ya mtu mmoja.

Nasisitiza kuvitenganisha hivi vitatu kwa sababu uzito wake haulingani. Kihariri unaweza kukiacha Ijumaa, na Jumatatu ukaendelea na mafaili yaleyale ndani ya kingine. Kiunzi ukikiacha, unaandika programu upya. Lakini vijana hubishana usiku kucha juu ya kihariri, na kiunzi wakakichukua kwa kuwa ndicho kilichotumika katika video ya kwanza waliyoiona. Hapo nguvu inamwagwa pasipostahili.

Kwa kifupi: kihariri chagua kwa mapenzi yako, kiunzi chagua kwa hesabu, na zana za kujengea zitafuata zenyewe.

Hesabu inaanzia kwa mtumiaji

Kabla ya kugusa kompyuta yako, andika kwenye karatasi vifaa vya watu watakaoitumia programu. Si vifaa vya watu wote duniani, ni vya hawa. Kwa kikundi chetu karatasi inasema: Android kwanza, Windows ya pili, iPhone mbili.

Android ina mlango mpana kuliko mingine. SDK yake ni ya bure na inakubali Windows, Linux na macOS. Ukitaka kuweka programu kwenye duka la Google Play unalipa dola 25 mara moja tu. Faili lenyewe, liitwalo APK, unaweza hata kulisakinisha moja kwa moja kwenye simu ya mweka hazina ukiwa umekaa naye.

Windows nayo haikubani. Visual Studio ina toleo la bure liitwalo Community kwa mtu binafsi na kampuni ndogo. Ukiandika kwa C# na Windows Forms, kiunzi kilichotoka mwaka 2002, utapata dirisha lenye vitufe na jedwali ndani ya mchana mmoja. Wapo wanaokicheka kuwa kimezeeka. Mimi nakiheshimu. Kwa programu ya ofisini ya kuingiza takwimu na kuchapa karatasi, kinaifanya kazi hiyo vizuri na hakiombi kompyuta kubwa. Kwa mashine dhaifu zaidi ipo Lazarus, ya bure na ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Inafuata nyayo za Delphi na inakubali Windows, Linux na macOS.

iPhone ndipo penye lango lenye askari. Kujenga programu ya iPhone kunahitaji Xcode, na Xcode haikubali mashine nyingine ila Mac. Kuna huduma za kukodi Mac iliyo mbali kupitia intaneti, nawe ukaendelea kuandika kwenye Windows, lakini ujenzi wenyewe bado unafanyika kwenye Mac. Kuweka programu katika duka la Apple ni dola 99 kila mwaka. Unaweza kujaribu kwenye simu yako bila kulipa, ila programu iliyosakinishwa hivyo hukoma baada ya siku 7.

Sasa tazama wale wanachama wawili. Je, wanaandika hesabu? La, wanataka tu kuona akiba yao. Ukurasa wa wavuti wanaoufungua kwenye kivinjari unawatosha kabisa, nawe umeokoa bei ya Mac na dola 99 za kila mwaka. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika kazi hii umefanyika bila kupakua chochote.

Kompyuta yako na bando lako

Ushauri mwingi wa mazingira ya kutengenezea programu huandikwa na mtu mwenye kompyuta ya RAM ya GB 32 na intaneti isiyohesabiwa. RAM ni ile kumbukumbu ya muda ambamo programu zinazoendeshwa hukaa. Wengi wetu tunaanza na kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, RAM GB 4 au 8, na bando la kuhesabu.

Google wanasema Android Studio inahitaji RAM ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 ukitumia pamoja na emuleta. Emuleta ni simu bandia inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako ili ujaribu programu bila simu halisi. Sababu ya ulaji huo ni rahisi kuiona ukijua kinachoendelea. IDE yenyewe ni programu kubwa. Pembeni yake inaendeshwa Gradle, zana inayokusanya vipande vya programu na kuvijenga, nayo inashika kumbukumbu yake mwenyewe. Juu ya hayo emuleta ni mfumo mzima wa Android unaopumua ndani ya mashine yako. Kompyuta ya GB 4 ikibebeshwa vyote hivyo itasimama, na kijana atadhani yeye ndiye hafai kwa kazi hii. Si kweli hata kidogo, na inaniuma kuwaona vijana wenye kipaji wakiacha kwa sababu hiyo.

Dawa ya kwanza ni kuiacha emuleta. Tumia simu halisi na waya wa USB. Kwenye simu ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka; humo ruhusu utatuzi wa USB. Kuanzia Android 11 unaweza hata kutumia Wi-Fi bila waya. Programu itaruka moja kwa moja kwenye simu, tena utaiona ikitembea kwa mwendo ule ule atakaouona mweka hazina. Huo ni ukweli ambao emuleta haikupi.

Dawa ya pili ni kuandikia kwenye kihariri chepesi na kuzisakinisha zana za kujengea peke yake. SDK ya Android inapatikana bila Android Studio, unaiendesha kwa amri za maandishi. Ya tatu, kama una fedha kidogo ya kutumia, badilisha diski ya zamani inayozunguka uweke SSD kabla ya kufikiria kununua kompyuta nyingine.

Kuhusu bando, jiandae. Android Studio peke yake ni zaidi ya GB 1, na mradi wa kwanza ukijengwa Gradle huvuta maktaba nyingine nyingi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine ambavyo programu yako inavitegemea. Fanya ujenzi huo wa kwanza mahali penye intaneti nzuri, chuoni au kwa rafiki. Maktaba zikishahifadhiwa kwenye diski yako, Gradle ina hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, nawe utajenga nyumbani bila kutumia hata MB moja.

Msimbo mmoja, mifumo mingi

Kuandika mara moja na kupata programu ya Android, Windows na nyingine ni ndoto ya zamani, na leo inatimia kwa kiasi kikubwa. Ila kila kiunzi kinaitimiza kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo inayoleta bili.

Electron inafunga programu yako pamoja na kivinjari kizima cha Chromium. Unaandika kama unavyoandika tovuti, na inaonekana sawa kila mahali. Slack na Visual Studio Code zimejengwa hivyo. Bili yake ni ukubwa: programu ndogo tu inaweza kuzidi MB 100, na simu haimo kabisa. Tauri inakwepa mzigo huo kwa kutumia kivinjari kilichomo tayari kwenye mfumo, na tangu toleo la 2 la mwaka 2024 inafika hadi kwenye simu.

React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, inapokea maelezo yako kwa JavaScript kisha inaamrisha vitufe halisi vya simu husika. Anayejua tayari kutengeneza tovuti kwa React atajisikia nyumbani. Kwa Windows, Microsoft wana tawi lake, lakini nguvu ya jamii ya React Native iko kwenye simu.

Flutter ya Google, toleo la kwanza kamili mwaka 2018, haitumii vitufe vya mfumo. Inachora kila kitu yenyewe, nukta kwa nukta. Kwa hiyo sura ya programu haibadiliki kati ya simu ya zamani na mpya, na mwaka 2022 ilipokamilisha Windows, macOS na Linux ikawa mlango mmoja wa kweli kwa simu na kompyuta ya mezani. Kinachompendeza anayeanza ni kwamba ukibadilisha mstari, mabadiliko yanaonekana kwenye simu ndani ya muda mfupi bila programu kuanza upya.

Kwa kikundi chetu mimi nitachagua Flutter, na nitaiandikia ndani ya Visual Studio Code. Kuna jambo moja ambalo wengi hukutana nalo wakiwa wamechelewa: kujenga upande wa Windows kwa Flutter kunadai ile Visual Studio kubwa yenye zana za C++. Huandiki ndani yake, lakini lazima iwepo, na ni GB kadhaa. Hapo ndipo vile vitu vitatu vya mwanzo vinapojionyesha: kihariri chepesi hakipunguzi uzito wa zana za kujengea. Ukishasakinisha, andika amri ya flutter doctor na itakuorodheshea kilichopo na kilichopungua.

Kama karatasi yako ingesema Android tupu, ningekupeleka Android Studio na lugha ya Kotlin bila kusita, kompyuta ikiruhusu. Kama ingesema Windows tupu, basi C#.

Lisilotatuliwa na zana yoyote

Mweka hazina atakuomba kitu kimoja, nina hakika: programu isome yenyewe ujumbe wa malipo ya simu unaoingia kwa SMS, ijaze hisa za mwanachama. Ni ombi la busara. Kiufundi Android inaweza. Lakini tangu mwaka 2019 Google Play haikubali programu isome SMS isipokuwa ile iliyowekwa kuwa programu kuu ya ujumbe, au iliyopewa kibali kwa matumizi machache maalumu. Ukibadilisha kiunzi au IDE, kanuni inabaki palepale. Njia nyoofu ni mfumo rasmi wa kampuni ya malipo. Safaricom, kwa mfano, ina mfumo uitwao Daraja unaoiunganisha programu na M-Pesa. Uliza mapema, kwa sababu mfumo wa namna hiyo unahitaji seva, yaani kompyuta iliyo hewani muda wote, na hesabu ya kazi yako inabadilika yote.

Nani anaishikilia zana hii?

Programu ya kikundi ikipendwa itaishi miaka kumi. Kiunzi nacho lazima kiishi. Mwaka 2011 ilianzishwa Xamarin, iliyowapa watu wa C# njia ya kuandika programu za Android na iPhone. Mwaka 2016 Microsoft waliinunua, na wengi walipumua wakijua sasa ina mlezi mkubwa. Tarehe 1 Mei 2024 msaada wake ulikoma, watumiaji wakaelekezwa kwenye .NET MAUI. Haikuwa hila, mrithi alitangazwa mapema, lakini kila aliyekuwa na programu ya Xamarin alilazimika kuihamisha kwa jasho lake. Kihariri cha Atom cha GitHub kilifungwa Desemba 2022, na waliokitumia walihamia kingine bila kupoteza msimbo wao. Linganisha maumivu ya makundi hayo mawili.

Ukubwa wa kampuni, basi, si dhamana. Qt, kiunzi kilichozaliwa Norway miaka ya 1990, kimepita mikononi mwa Trolltech, Nokia na Digia na bado kiko hai, kwa sehemu kwa sababu ya mkataba wa tangu mwaka 1998 na KDE, jamii ya watengenezaji wa programu huria, unaolinda toleo lake huria hata mwenye kampuni akichoka. Kabla ya kujifunga na kiunzi, chunguza:

- Msimbo wake uko wazi, na leseni inaruhusu wengine kuuendeleza?
- Toleo la karibuni lilitoka lini?
- Mradi unaweza kujengwa kwa amri za maandishi, bila IDE moja maalumu?
- Data yako inakaa kwenye muundo unaosomeka na wengine?

Hilo la mwisho nalipa uzito wa pekee. Weka hesabu za kikundi kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja ambayo imo katika kila simu ya Android. Kiunzi kikifa kesho, faili la hisa na madeni litafunguka kwa zana nyingine keshokutwa.

Wiki ya kwanza

Usianze na usajili, nywila na rangi. Tengeneza skrini moja: kisanduku cha jina, kisanduku cha kiasi, kitufe cha kuhifadhi, orodha chini yake. Maneno yote ya Kiswahili yaweke katika faili lao tangu siku hiyo, usiyatawanye ndani ya msimbo. Android na Flutter zote zinaitambua lugha yetu. Kisha sakinisha kwenye simu iliyo dhaifu kuliko zote katika kikundi na kwenye kompyuta ya katibu. Kwa katibu chapa ukurasa mmoja kabisa, kwa maana kuchapa hutegemea kiongezeo cha nje, na viongezeo havilingani ubora. Ikigoma huko, badilisha kiunzi sasa, ukiwa umepoteza wiki tu.

Tena, siku hiyo hiyo anza kukusanya anwani za Gmail za wanachama. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka wapimaji wasiopungua 12 wawe wamejiunga na jaribio lake kwa siku 14 mfululizo. Wengi hulijua sharti hili programu ikiwa imekamilika, wakaanza kutafuta watu wasiowafahamu. Kikundi chako tayari kina watu 25 wenye sababu ya kuijaribu, toa wale wawili wa iPhone.